Seva ya programu za wavuti: maswali ya kuuliza kabla ya kulipia mfumo

Wenye mashine za kukamua alizeti na viongozi wa AMCOS mkoani Singida wakitaka kuandika mizigo, malipo na stoo kupitia simu, muuzaji wa mfumo kwanza huwaonyesha kurasa nzuri. Lakini kama mfumo utahimili msimu wa mavuno au la, hilo huamuliwa na kitu kisichoonekana: seva.

Seva ni nini hasa?

Chukua mfano wa kituo cha kununulia alizeti pale njia panda ya Misigiri. Dirishani kuna karani anayepokea mteja. Hiyo ni seva ya wavuti. Nyuma yake kuna mhasibu anayekokotoa kilo, bei na makato. Hiyo ni seva ya programu. Mhasibu naye hufungua leja. Hiyo ni hifadhidata. Mtu mmoja anaweza kufanya kazi zote tatu wateja wakiwa wachache. Wakija mia kwa pamoja, foleni husimama. Kwa hiyo muulize muuzaji: mfumo umejaribiwa kwa watumiaji wangapi kwa wakati mmoja?

Gharama iko wapi?

Baadhi ya seva za programu, kama Apache Tomcat na WildFly, ni programu huria zisizo na ada ya leseni. WebLogic ya Oracle hulipiwa. Hata hivyo, cha bure bado kinahitaji fundi wa kukisasisha na kuziba mianya ya usalama. Malipo yake yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Iwekwe wapi?

Ukiiweka ofisini, umeme ukikatika na mfumo umezimika, isipokuwa una chanzo kingine. Ukikodi nje ya nchi, unategemea nyaya za baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Seva iliyokodiwa ndani ya nchi, kwa mfano katika Kituo cha Taifa cha Data jijini Dar es Salaam, inaweza kufikiwa hata siku kama hiyo, mradi mtandao wa ndani uko hai.

Sheria inasemaje?

Majina, namba za simu na malipo ya wakulima ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Huwezi kumwachia fundi mzigo huo wote.

Kabla ya kusaini, pata majibu ya maandishi: nani ana nywila kuu? Nakala rudufu huchukuliwa kila baada ya muda gani, na zimewahi kujaribiwa kurejeshwa? Mkiachana na muuzaji, leja yenu mtaipataje? Asiyejibu hili la mwisho anaweza kubaki na hesabu za wakulima wako mkononi mwake.