Mfuko wa Utafiti wa Ulaya: Jinsi Mpango wa Miaka Saba Unavyotengenezwa

Wakaao kando ya Ziwa Victoria waujua sana ugonjwa wa kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aogaye, avuaye samaki au achotaye maji. Dawa yake imejulikana kwa miaka mingi, lakini vidonge vyake ni vikubwa na vichungu, wala havikutengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Kwa sababu hiyo watoto wengi walikaa na ugonjwa huo mpaka walipofikia umri wa kwenda shule.

Mwaka 2012 mabingwa wa nchi mbalimbali waliungana ili kutafuta dawa ifaayo watoto wadogo. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilikuwa miongoni mwao, na dawa hiyo ilijaribiwa katika Kenya na Ivory Coast. Ni kidonge kidogo kiyeyukacho, nacho chafaa watoto wenye umri wa miezi mitatu hadi miaka sita. Idara ya Dawa ya Ulaya ilitoa rai njema juu yake Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likakithibitisha Mei 2024.

Kazi hiyo ilichukua miaka zaidi ya kumi. Sehemu ya gharama zake ililipwa na ushirika wa kupima dawa ulioanzishwa mwaka 2003 baina ya nchi za Ulaya na za Afrika, ambao nao hupata fedha katika mfuko mkubwa wa utafiti wa Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo mashauri ya mfuko huo, ingawa hufanyika mbali katika mji wa Brussels, hayawahusu watu wa Ulaya peke yao.

MFUKO WENYEWE NI NINI

Umoja wa Ulaya una nchi 27. Kila nchi ina vyuo vyake na mabingwa wake, lakini yako mambo ambayo nchi moja haiwezi kuyatimiza peke yake, ama kwa sababu gharama ni kubwa mno, ama kwa sababu maarifa yanayotakiwa yametawanyika. Mkulima mmoja wa kahawa hawezi kujenga kiwanda cha kukoboa kahawa yake. Wakulima mia wakichanga fedha katika chama chao cha ushirika, kiwanda hujengwa. Mfuko huu umejengwa juu ya fikira iyo hiyo.

Mpango wa kwanza ulianza mwaka 1984, na fedha zake hazikufika Yuro bilioni 4. Mpango wa miaka ya 2014 hadi 2020 ulikuwa na karibu Yuro bilioni 80. Uliofuata, uitwao Horizon Europe, wa miaka ya 2021 hadi 2027, ulipangiwa Yuro bilioni 95.5. Kwa desturi, shirika moja haliombi fedha za kazi kubwa peke yake. Hapana budi mashirika yasiyopungua matatu, kutoka nchi tatu mbalimbali, yaungane.

HATUA ZA KUPANGA

Mpango wa miaka saba hauandikwi kwa siku moja. Kwanza mpango uliotangulia hupimwa, na rai za wenye vyuo, wenye viwanda na raia hukusanywa. Septemba 2024 Bwana Mario Draghi, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Italia, alitoa taarifa akashauri kwamba mpango ujao upewe Yuro bilioni 200. Mwezi uliofuata halmashauri ya mabingwa iliyoongozwa na Bwana Manuel Heitor, aliyekuwa waziri wa sayansi wa Ureno, ilitaja Yuro bilioni 220.

Hatua ya pili ni pendekezo. Tarehe 16 Julai 2025 Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza Yuro bilioni 175, yaani milioni 175,000, kwa miaka ya 2028 hadi 2034. Fedha hizo ziligawanywa mafungu manne: kiasi cha bilioni 44 kwa sayansi bora, bilioni 76 kwa mambo ya viwanda na jamii, bilioni 39 kwa uvumbuzi, na bilioni 16 kwa kuimarisha utafiti katika Ulaya nzima.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo ngumu. Pendekezo si sheria. Bunge la Ulaya na Baraza la Mawaziri hulijadili kifungu kwa kifungu. Tena, makisio ya fedha zote za Umoja huo lazima yakubaliwe na nchi zote 27, hata nchi moja ikikataa, shauri husimama. Nchi zitoazo fedha nyingi hutaka matumizi yapunguzwe. Nyingine huogopa kwamba utafiti ukiongezewa, misaada ya wakulima itapunguzwa.

MAMBO YANAYOBISHANIWA

Ubishi haukuhusu kiasi cha fedha tu. Pamoja na mpango wa utafiti, Halmashauri Kuu ilipendekeza mfuko mwingine mkubwa wa kuvipa nguvu viwanda vya Ulaya, ikataka mipango hiyo miwili ifungamane. Wanaoiunga mkono rai hii husema kwamba Ulaya huvumbua mengi, lakini mavumbuzi yake hugeuzwa kuwa biashara katika Marekani na kwingineko. Wanaoipinga huogopa kwamba ghala la mbegu likichanganywa na ghala la chakula, siku ya njaa mbegu nazo zitaliwa. Yaani, fedha za utafiti wa muda mrefu zitavutwa kwenda katika mahitaji ya viwanda ya mwaka huo huo.

Jambo la pili ni nani achague kazi za kufanywa. Baraza la Utafiti la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 2007, humpa mtafiti fedha kwa ubora wa wazo lake, na wanaolipima wazo hilo ni mabingwa wenzake, si wanasiasa. Wenye vyuo wamesisitiza kwamba uhuru huo ulindwe. Jambo la tatu ni kwamba Horizon Europe ilikuwa kwa mambo ya kiraia peke yake, lakini pendekezo la mwaka 2025 lilifungua njia kwa utafiti uwezao kutumika katika vita pia. Vyuo vingine havikufurahishwa na jambo hilo.

HASARA YA KUCHELEWA

Mpango wa mwaka 2021 ulianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari, lakini sheria yake haikupitishwa mpaka mwezi wa Aprili. Uingereza, ilipokwisha kutoka katika Umoja huo, ilikaa nje ya Horizon Europe mpaka Januari 2024 kwa sababu ya mabishano ya kisiasa. Uswisi nayo iliwekwa kando mwaka 2021, na watafiti wake hawakupata haki zao kamili ila mwaka 2025. Katika muda huo vikundi vilivyozoea kufanya kazi pamoja vilipata taabu. Jaribio la dawa haliwezi kusimamishwa katikati na kuendelezwa baada ya miaka mitatu, kwani wagonjwa huhama na wasaidizi waliofundishwa hutafuta kazi nyingine.

AFRIKA NA MPANGO HUU

Chini ya Horizon Europe, vyuo na taasisi za nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, viliruhusiwa kulipwa vinaposhirikiana na wenzao wa Ulaya. Tunisia, na baadaye Misri, zilifanya mapatano ya kuwa washiriki kamili. Lakini ruhusa hiyo haileti fedha yenyewe. Katika mpango wa 2014 hadi 2020, kati ya maombi 100 yaliyopelekwa, 12 tu ndiyo yaliyopata fedha. Taasisi isiyokuwa na mtu wa kuandika ombi vizuri, wala mweka hesabu wa kuzitunza fedha, hubaki nyuma hata ikiwa wazo lake ni jema.

Zaidi ya hayo, maneno yanayoandikwa katika mpango ndiyo yatakayoamua magonjwa gani na mazao gani yatafanyiwa utafiti kwa miaka saba. Ugonjwa usiotajwa wakati wa kupanga hupata taabu kutajwa baadaye. Watoto wa kando ya ziwa walipatiwa kidonge chao kwa sababu watu fulani, Waafrika na Wazungu pamoja, waliutaja ugonjwa wao mapema, wakaendelea kuutaja mpaka fedha zilipopatikana.