Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Karatasi ya kura waliyopewa Waingereza tarehe 23 Juni 2016 ilikuwa na swali moja: je, nchi yao ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, na maelekezo ya kuweka alama ya X katika kimoja tu. Kura zilihesabiwa usiku kucha, na kulipopambazuka jibu lilijulikana: asilimia 51.9 walitaka kujitoa, asilimia 48.1 walitaka kubaki. Kwa hesabu ya watu, ni takriban milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Hata hivyo nchi haikutoka hadi tarehe 31 Januari 2020. Katika muda huo mawaziri wakuu wawili, David Cameron na Theresa May, waliachia ngazi, uchaguzi mkuu ulifanyika mara mbili, na Mahakama ya Juu iliombwa mara mbili iamue mipaka ya madaraka ya serikali.

Wengi huyaeleza mabishano hayo kwa tabia za watu: wanasiasa waongo, wapiga kura waliorubuniwa, walioshindwa wasiokubali kushindwa. Maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini iko sababu nyingine, nayo imo ndani ya karatasi yenyewe. Anayeifuata hatua kwa hatua ataona kuwa sehemu kubwa ya ugomvi ingetokea hata kama kila mtu angesema kweli.

Tuanze na sheria. Kura ya maoni ni utaratibu wa kuwauliza wananchi moja kwa moja jambo ambalo kwa kawaida huamuliwa na wawakilishi wao, na nguvu yake hutegemea sheria iliyoiitisha. Mwaka 2011 Waingereza waliulizwa kama wabadili mfumo wa kuchagua wabunge, na sheria ya kura ile ilimlazimu waziri kuuanzisha mfumo mpya endapo wangekubali. Sheria ya mwaka 2015 iliyoitisha kura ya Umoja wa Ulaya haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Iliagiza kura ipigwe, basi. Kisheria, matokeo yalikuwa ushauri. Kisiasa yalikuwa mazito zaidi ya hapo, kwa kuwa serikali ilikuwa imepeleka kijitabu nyumba kwa nyumba ikiahidi kutekeleza watakachoamua wananchi.

Pengo hilo kati ya sheria na ahadi ndilo lililozaa kesi ya kwanza. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inasema nchi inayotaka kujitoa itoe taarifa, kisha iwe na miaka miwili ya mazungumzo. Je, waziri mkuu anaweza kuitoa taarifa hiyo peke yake, au ni lazima Bunge limruhusu kwanza? Tarehe 24 Januari 2017 majaji 8 dhidi ya 3 wa Mahakama ya Juu walisema Bunge litangulie, maana haki ambazo wananchi wamepewa kwa sheria ya Bunge haziwezi kuondolewa kwa barua ya waziri. Hawakusema kura ni batili, wala hawakusema nchi isitoke. Hukumu ya namna hiyohiyo ilipotolewa na mahakama ya chini Novemba 2016, gazeti la Daily Mail liliwaita majaji maadui wa wananchi. Lilikosea, na kosa hilo ni la hatari: majaji waliulizwa nani ana mamlaka ya kuandika barua, na hilo tu ndilo walilolijibu. Bunge lilipitisha sheria, na barua ikapelekwa tarehe 29 Machi 2017.

Hoja iliyofuata ilihusu ukubwa wa ushindi. Je, jambo zito kiasi hiki liamuliwe kwa tofauti ya asilimia chini ya 4? Kuweka kiwango maalumu si jambo geni. Mwaka 1979 Scotland ilipiga kura kuhusu kuwa na bunge lake, na sheria ilitaka wanaokubali wafikie angalau asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa. Waliokubali walikuwa asilimia 51.6 ya kura zilizopigwa, lakini walikuwa karibu theluthi moja tu ya walioandikishwa, na pendekezo likafa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, katika Ibara ya 145 ya mkataba wake, inataka bunge la nchi inayojitoa liazimie kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha nchi itoe taarifa ya miezi 12. Kiwango cha aina hii ni halali kabisa, mradi kiwekwe kabla ya kura. Zaidi ya watu milioni 4 walisaini ombi la kutaka kura irudiwe kwa sababu ushindi haukufikia asilimia 60. Ombi lenyewe lilikuwa limefunguliwa kabla ya siku ya kura na mtu aliyetaka nchi ijitoe, akihofia upande wake ungeshindwa kwa kura chache. Hoja ikiweza kuhama kambi kwa urahisi namna hiyo, haiwezi kutumika baada ya matokeo.

Kuhusu uongo, tusikawie. Waliotaka kujitoa walizungusha basi lililodai kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Kiasi hicho kilikuwa kabla ya kutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipata tangu enzi za waziri mkuu Margaret Thatcher, na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema wazi kuwa kinapotosha. Upande wa pili, Wizara ya Fedha ilikadiria kwamba kila kaya ingekuwa maskini zaidi kwa pauni 4,300 kufikia mwaka 2030, ikayatoa makadirio ya muda mrefu kana kwamba ni bili iliyokwisha kuandikwa. Wananchi walistahili kuheshimiwa zaidi ya hapo na pande zote mbili. Hata hivyo, tarakimu ya uongo inaweza kusahihishwa na gazeti la kesho yake. Swali lililoulizwa vibaya halisahihishiki kwa njia hiyo.

Sasa tuliangalie swali. Upande mmoja lina hali inayojulikana: uanachama uliokuwepo tangu 1973. Upande wa pili lina neno kujitoa, na kujitoa kuna ngazi. Msomaji wa Afrika Mashariki anazifahamu ngazi hizo kwa majina, maana nasi tumezipanda, umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Umoja wa forodha ni makubaliano ya kutotozana ushuru ndani, na kutoza ushuru wa aina moja kwa bidhaa zinazotoka nje. Soko la pamoja huongeza kanuni za namna moja na uhuru wa watu, mitaji na huduma kuvuka mipaka. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko lake na inachangia fedha. Uturuki haimo katika soko, lakini ina umoja wa forodha unaohusu zaidi bidhaa za viwandani. Kanada ina mkataba wa biashara tu. Nchi isiyo na makubaliano yoyote hubaki na kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Nchi zote hizo ziko nje ya Umoja wa Ulaya, na mtu aliyeweka X kwenye kisanduku cha kujitoa huenda alikusudia hali yoyote kati ya hizo.

Chukua wapiga kura 100 wa kufikirika. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Watu 48 wanataka kubaki. Katika 52 wanaotaka kujitoa, 20 wanataka kutoka kama Norway, na 32 wanataka kukata kabisa. Kujitoa kumeshinda. Sasa tuwaulize upya, kwa kuitaja kila njia. Kubaki au kukata kabisa? Ikiwa wale 20 wanaona bora kubaki kuliko kukata kabisa, kubaki kunashinda kwa 68 dhidi ya 32. Kubaki au kuwa kama Norway? Ikiwa 10 kati ya wale 32 wanaona kufuata kanuni usizozitunga ni kubaya kuliko uanachama, kubaki kunashinda tena, kwa 58 dhidi ya 42. Hakuna aliyebadili mawazo wala aliyedanganywa. Kujitoa kumeshinda kwa ujumla wake, na kila aina ya kujitoa imeshindwa.

Watetezi wa kujitoa walikuwa na jibu, na ni jibu zito: hata kubaki hakukuwa hali iliyosimama. Jumuiya ya Ulaya ambayo wapiga kura wa Uingereza waliiidhinisha mwaka 1975, kwa asilimia 67, ilikuwa ya nchi 9. Kufikia 2016 zilikuwa 28, zenye bunge la pamoja na mahakama yenye nguvu, na nyingi zikitumia sarafu moja. Hawakuulizwa tena katika hatua hizo. Lakini jibu hilo linaeleza kwa nini watu walichoka. Halituambii wanaochoka waelekee wapi.

Bungeni, hesabu ile ya kufikirika ilionekana kwa macho. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba wa kujitoa wa Theresa May ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Katika wale 432 walikuwemo walioona unakwenda mbali mno na walioona hauendi popote, wamesimama mstari mmoja. Tarehe 27 Machi wabunge walipewa karatasi yenye njia 8, waseme ndiyo au hapana kwa kila moja. Zote zilikataliwa. Kutoka bila makubaliano kulipata 160 dhidi ya 400. Kufuta safari nzima, 184 dhidi ya 293. Siku chache baadaye umoja wa forodha ulikosa kwa kura 3, yaani 273 dhidi ya 276. Watu waliwacheka wabunge wale. Mimi naona walikuwa wakifanya hadharani, na kwa kuchelewa, kazi iliyopaswa kufanywa kabla ya Juni 2016.

Jambo lililowakwamisha zaidi halikutajwa kwenye karatasi ya kura: mpaka wa karibu kilomita 500 kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland. Sehemu ya maziwa yanayokamuliwa kaskazini husindikwa kusini. Lori la maziwa lilikuwa likivuka bila kusimama, kwa sababu nchi zote mbili zilikuwa chini ya kanuni moja, na tangu makubaliano ya amani ya 1998 vituo vya askari vilikuwa vimeondolewa. Uingereza ikitoka katika soko na umoja wa forodha, mahali fulani lazima pawe na ukaguzi. Ukiuweka mpakani, unaitikisa amani. Ukiuweka baharini, unaitenga Ireland Kaskazini na nchi yake yenyewe. Usipouweka popote, basi hujatoka katika soko. Boris Johnson, waziri mkuu aliyemfuata May, alichagua bahari, na mwaka 2023 Uingereza na Umoja wa Ulaya walilazimika kuupunguza ukaguzi huo kwa makubaliano mapya ya Windsor.

Utata huo ulifika hadi kwetu. Julai 2016 Tanzania ilitangaza kwamba haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na kura ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa sababu ilizozitaja. Kenya, inayouza maua na mboga Uingereza, ilisubiri hadi Desemba 2020 kupata mkataba wake na London, wiki chache tu kabla ya kanuni za zamani kukoma.

New Zealand ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1992 iliwauliza wananchi kama wanataka kubadili mfumo wa uchaguzi, na kwenye karatasi hiyohiyo, kama ukibadilishwa wanataka upi kati ya minne. Mwaka 1993 mfumo uliochaguliwa ulishindanishwa na ule wa zamani, na mpya ukashinda. Cameron angeweza kufanya vivyo hivyo. Hakuwauliza wananchi pumba. Aliwauliza nusu ya swali, na serikali yake haikuandaa mpango wowote wa maana kwa jibu ambalo haikulitaka. Kwa hiyo waliotaka kuifuta kura ya 2016 walidai wasichostahili, maana wengi walisema kujitoa, na wengi wape. Waliosema kwamba wengi hao waliagiza kukata kabisa, nao walisoma kwenye karatasi maneno ambayo hayakuandikwa.

Nusu ya pili ya swali ilijibiwa tarehe 12 Desemba 2019, katika uchaguzi mkuu. Chama cha Johnson kilipata asilimia 43.6 ya kura na viti 365 kati ya 650, na kwa viti hivyo nchi ikatoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha. Ni halali kisheria. Lakini uamuzi huo ni wa Bunge hilo na wa mfumo wa uchaguzi uliolizaa, na wanaoutetea leo wautetee kwa jina hilo.