Likasi: Kamatanda, mwenye kujua teneur ya mawe ndiye anapanga bei

Kamatanda, pembeni ya mji wa Likasi jimboni Haut-Katanga, gunia moja la mawe ya kijani linaweza kuwa na bei mbili kwa siku moja. Mawe ni yale yale na uzito ni ule ule. Kinachobadilika ni habari aliyo nayo yule anayeuza.

Mchimbaji wa mikono anatoa mawe ya shaba na kobalti shimoni, anayachambua, anayatia kwenye magunia na kuyapeleka depo. Huko mnunuzi anaweka gunia kwenye mizani. Kisha anaelekeza kwenye jiwe kifaa kidogo kinachoshikwa kama bastola, ambacho watu wa Katanga wamezoea kukiita Metorex. Kifaa kinatoa namba: hiyo ndiyo teneur, yaani kiasi cha madini kilichomo ndani ya mawe kwa kila mia. Mwishoni mnunuzi anatazama karatasi ya bei.

Uzito, teneur na bei ni habari tatu zinazoamua mchimbaji atarudi nyumbani na makuta ngapi. Mara nyingi zote tatu ziko mikononi mwa mnunuzi. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kongo Afrewatch, iliyotoka Januari 2016 kuhusu kobalti ya Katanga, ilieleza kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala teneur ambayo wanunuzi waliwatangazia.

Namba ndogo, hasara kubwa

Chukua mfano wa tani moja ya mawe ya shaba. Kama mawe yana maji ya asilimia 10, mawe makavu ni kilo 900. Teneur ikiwa asilimia 5, ndani yake mna kilo 45 za shaba. Mnunuzi akisema teneur ni asilimia 3, shaba inageuka kilo 27. Kilo 18 zimepotea kwa neno moja tu.

Shaba ikiwa dola 9,000 kwa tani kwenye soko la dunia, kilo 18 hizo ni dola 162. Kweli, depo haiwezi kulipa bei yote ya soko la dunia, maana mawe yanahitaji kusafirishwa, kusafishwa na kulipiwa kodi. Lakini hata kama ingelipa nusu tu, mchimbaji amepoteza dola 81 kwa tani moja. Kwa kikundi kinachogawana mapato ya shimo moja, hayo ni makuta ya bukari na ya masomo ya watoto.

Si kila mara mnunuzi anadanganya. Kifaa cha Metorex kinasoma sehemu nyembamba ya juu ya jiwe, hakioni katikati. Jiwe lenye rangi nzuri ya kijani nje linaweza kuwa na udongo mtupu ndani. Mawe yenye maji nayo yanapunguza namba. Ndiyo sababu kupima jiwe moja lililookotwa juu ya gunia hakutoi habari sahihi, iwe kwa faida ya muuzaji au ya mnunuzi.

Njia inayotumiwa na maabara inajulikana, na haihitaji shule kubwa. Mawe kidogo yanachukuliwa kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini. Yanakaushwa, yanasagwa, yanachanganywa, kisha yanarundikwa na kugawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana yanatupwa, mawili yanayobaki yanachanganywa tena. Kazi hiyo inarudiwa mpaka kibaki kiasi kidogo kinachofanana na mzigo wote. Hapo ndipo namba ya kifaa inakuwa na maana.

Aliyesikia nusu

Habari sahihi inaweza pia kuleta hasara kama si kamili. Tarehe 22 Februari 2025, serikali ya Kongo ilisimamisha kwa miezi minne usafirishaji wa kobalti kwenda nje, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Mwezi wa Juni marufuku iliongezwa miezi mitatu. Kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025, mahali pake paliwekwa mfumo wa viwango, ambapo kila kampuni inapewa kiasi chake cha kutoa nje.

Uamuzi huo ulihusu kobalti, si shaba. Mtu aliyesikia tu kwamba "serikali imefunga madini" angeweza kuuza mawe yake ya shaba kwa bei ya kutupa, akiogopa kwamba kesho hayatapata mnunuzi. Na yule ambaye hakusikia kabisa angeendelea kuweka akiba ya kobalti, akitumaini kuiuza haraka. Wote wawili walihitaji maelezo manne: ni madini gani, tangu lini, kwa muda gani, na nani ameamua.

Bei ya jana

Habari ya bei inaoza upesi kama nyanya. Mwezi wa Machi 2018, tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 kwenye soko la metali la London. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya dola 30,000. Aliyenunua mawe kwa mkopo akiamini bei ya mwaka uliopita alibaki na mzigo usiolipa deni.

Shaba nayo inabadilika. Machi 2020, wakati wa corona, tani ilishuka chini ya dola 5,000. Mei 2021 ilipita dola 10,000. Kwa hiyo karatasi ya bei isiyo na tarehe si habari. Swali la kwanza la muuzaji lingekuwa: bei hii ni ya siku gani?

Swali la pili ni la kipimo. Wafanyabiashara wa dunia mara nyingi wanataja bei ya kobalti kwa ratili, si kwa kilo. Ratili 2,204 na kitu zinafanya tani moja. Anayesikia "dola 10" na kudhani ni kwa kilo anafikiri tani ni dola 10,000, kumbe ni zaidi ya dola 22,000. Habari isiyoeleweka inamfaidisha yule anayeielewa.

Nani amesema?

Kamatanda, kama mahali popote pa biashara, habari zinapita kwa simu, kwa madereva wanaotoka Kolwezi au Lubumbashi, na kwa marafiki wanaofanya kazi depo. Kila mmoja ana sababu yake ya kusema. Mnunuzi anayetangaza kwamba bei itashuka kesho anataka kuuziwa leo. Mwenye kupeleka mzigo njiani ana hamu magunia yaondoke. Hii haina maana kwamba wote ni waongo. Ina maana kwamba habari moja inahitaji mdomo wa pili usiofaidika nayo.

Kupata habari nzuri nako kuna gharama. Mtu mwenye gunia moja akilipia usafiri na kipimo cha maabara, anaweza kutumia makuta kuliko faida atakayopata. Watu ishirini wakichanga kwa ajili ya mzigo mmoja mkubwa, hesabu inabadilika. Sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka wachimbaji wa mikono wawe ndani ya koperative, na SAEMAPE ndiyo idara ya serikali yenye kazi ya kuwasaidia. Koperative yenye mizani yake tu tayari imeondoa moja ya zile siri tatu.

Hata mama wa unga

Jambo hili haliishii kwenye mashimo. Sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa Likasi inapitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwisho wa Februari 2024, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kwa mama anayeuza unga sokoni, hiyo haikuwa habari ya nchi ya watu. Ilikuwa habari ya bei ya gunia lake miezi iliyofuata. Aliyeisikia mapema alikuwa na nafasi ya kupanga akiba. Aliyeisikia wakati bei imekwisha kupanda alibaki kuwaeleza wateja tu.

Chombo cha kwanza cha habari nzuri ni cha bei ndogo: daftari. Tarehe, uzito, teneur, bei iliyolipwa na jina la depo, kila mara, bila kuruka. Baada ya miezi mitatu, mchimbaji anaweza kuona depo gani inampa teneur ya chini daima kwa mawe ya shimo lile lile. Kila anapouza anaweza kudai karatasi iliyoandikwa, na kubakiza sehemu ya pili ya mawe yaliyopimwa, imefungwa kwenye mfuko, ili ipimwe kwingine kukitokea ubishi.

Daftari halitapandisha bei ya London. Lakini siku mnunuzi atakaposema "asilimia tatu", muuzaji atakuwa na kitu cha kufungua na kumwonyesha.