Mzaha Ukiua, Nani Abebe Mzigo?

Askari yeyote aliyepata kukaa kwenye meza ya mapokezi kituoni anaufahamu utetezi huu: "Afande, nilikuwa natania tu." Mara nyingi anayeutoa husema kweli, hakukusudia kumdhuru mtu. Lakini iko siku ambapo mtu amekwisha kufa, na kauli hiyo haitoshi tena. Makala haya yanaeleza nani huwajibika siku hiyo inapofika.

Tuanze na jirani zetu. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya majaribio ya usalama yaliyoigiza shambulio la magaidi. Milio ya risasi ilisikika, na wengi waliokuwapo hawakujua kuwa ni maigizo. Mwezi Aprili mwaka huohuo watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Nani angengoja kuuliza? Baadhi waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki dunia na wengine wakajeruhiwa. Chuo kiliomba radhi.

Tukio lile halikuwa mzaha, na nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo linatufundisha jambo la kwanza: hofu ya uongo huua sawa na hofu ya kweli, kwa kuwa anayekimbia hana njia ya kuzitofautisha. Ndiyo maana kipimo cha uwajibikaji hakikomei kwenye nia. Huulizwa pia: je, mtu mwenye busara ya kawaida angeweza kuyaona madhara hayo kabla hayajatokea?

Sheria ya Rwanda Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inayohusu makosa na adhabu, hufuata mantiki hiyo. Humwadhibu anayeua kwa makusudi, na humfikia pia anayesababisha kifo kwa uzembe au kutojali, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi zaidi. Nayo Sheria Na. 60/2018 ya uhalifu wa mtandaoni, katika kifungu cha 39, humwadhibu anayetangaza kwa kujua uvumi unaoweza kuzua hofu miongoni mwa watu: kifungo cha miaka 3 hadi 5, na faini ya faranga milioni 1 hadi 3.

Je, mzigo huo humwangukia mtu mmoja peke yake? Tarehe 28 Desemba 2017, vijana wawili nchini Marekani waligombana kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Mmoja alimwomba mtu wa tatu awapigie polisi simu ya uongo, nao wakatumwa kwenye nyumba moja mjini Wichita wakiamini kuwa ndani yake mna muuaji aliyeshika mateka. Mkazi wa nyumba hiyo, ambaye hakuwajua hata kidogo vijana hao, alitoka mlangoni akapigwa risasi na askari. Mpiga simu alihukumiwa miaka 20 gerezani kwa kosa hilo na mengine ya aina hiyo. Aliyemchochea alifungwa miezi 15. Askari hakushtakiwa, lakini mwaka 2023 mji ule ulikubali kuilipa familia dola milioni 5. Nasi polisi, basi, tuna sehemu yetu: kuhakikisha habari kabla ya kutumia nguvu.

Lakini sheria haifiki kila mahali. Desemba 2012, watangazaji wawili wa redio ya Australia walipiga simu katika hospitali moja ya London wakijifanya watu wa familia ya kifalme. Muuguzi aliyeipokea aliwaamini, akaiunganisha simu wodini. Mazungumzo yalirushwa hewani na dunia ikacheka. Siku tatu baada ya simu ile, muuguzi huyo alifariki kwa kujitoa uhai. Waendesha mashtaka wa Uingereza waliamua kutomshtaki mtu. Hata hivyo lawama haikuwaishia watangazaji wale wawili. Iliwafikia pia wakubwa wa redio, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamerekodiwa, na palikuwa na nafasi ya kuyazuia.

Kwa hiyo wanaostahili kuulizwa ni wanne: aliyebuni, aliyechochea, aliyekuwa na mamlaka ya kuzuia akanyamaza, na aliyesambaza.

Hapa Masoro, ndani ya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, watu wengi hufanya kazi chini ya paa moja. Chukulia mfano kijana anapaza sauti "Moto!" ili apate video ya kuchekesha, na mamia wanakimbilia mlango mmoja. Sasa uhamishe mfano huo hadi kwenye foleni ya asubuhi kati ya Rubavu na Goma, penye akina mama wenye watoto mgongoni na mizigo kichwani. Ujumbe wa sauti unaingia kwenye simu: "Wanapiga risasi, kimbieni!" Katika watu ambao wengi wao wamewahi kukimbia vita, nani atacheka?

Hatusemi watu wasitaniane. Utani ni mila ya kale katika Afrika Mashariki, nao una kanuni: mtani humjua mtani wake, wote wawili wanajua kuwa ni utani, na msiba ukitokea mtani hufika mapema kusaidia. Mzaha wa hatari humkamata mtu asiyejua kwamba anachezewa.

Basi usiige silaha, moto, ajali wala kifo mbele ya watu wasio na habari. Usiijaze namba 112 kwa simu za uongo. Anayevuja damu anaisubiri laini hiyohiyo. Ukipokea habari ya kutisha, iulize polisi kabla ya kuituma kwa mwingine. Wazazi na walimu, msicheke tukio lenu dogo la leo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Na ikiwa umekwisha kukosea, usikimbie. Paza sauti useme kuwa ni uongo, ita gari la wagonjwa kwa namba 912, kisha ubaki hapo. Huwezi kuufuta mzaha wako, lakini dakika unazookoa zinaweza kuwa uhai wa mtu.