Bonane katika bustani: lengalenga bila vumbi

Sikukuu zimepita, mvula ingali inanyesha, na nyuma ya nyumba majembe hayapumziki. Kila mtu ana tumaini lake. Huyu anasema mwaka huu atavuna mahindi ya bukari kwa miezi mingi. Jirani yake ametangaza kwamba magugu hayatamshinda tena (mwaka jana alisema vilevile, nasi tulinyamaza). Mama anataka lengalenga na matembele karibu na jiko, asiende sokoni kila asubuhi.

Matumaini hayo ni mazuri. Tunakuomba uongeze ahadi moja tu: mboga za lopango lako zisilete sumu katika sahani ya watoto.

Sumu gani? Vumbi. Wewe unayeshinda nalo kazini unalijua. Hapa Katanga shaba na kobalti hutoka ardhini pamoja na wenzao wabaya kama risasi na kadimiamu. Vumbi la mgodi, la tanuru na la barabara ya malori huanguka juu ya majani, kisha huingia katika udongo. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mbali, na watoto ndio walioonyesha nyingi zaidi. Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani. Na usidhani moto utakusaidia: risasi haiungui katika sufuria.

Basi, kabla ya kupanda, tazama udongo wako. Wazee wetu walitambua shaba kwa kuona mahali ambapo miti inakataa kuota na maua ya shaba yanastawi. Kama lopango lako lina kipande cha namna hiyo, usipande mboga hapo, hata kama kiko karibu na bomba la maji. Epuka pia kando ya barabara ya malori na penye mabaki meusi ya tanuru.

Na kama huna mahali pengine? Leta udongo mzuri kutoka mbali, inua tuta, changanya mbolea ya kuku na chokaa kidogo. Chokaa hupunguza nguvu ya udongo kutoa madini. Tena, panda mahindi au nyanya hapo kuliko lengalenga, kwa sababu kwa kawaida majani hukusanya zaidi kuliko punje na matunda. Viazi vitamu vimenywe vizuri.

Mama, osha mboga mara tatu, ukibadilisha maji kila mara. Vumbi la juu litaondoka. Lakini kilichopanda kwa mizizi hakioshwi. Ndiyo maana tunasumbua sana juu ya mahali pa kupanda.

Sasa tuseme juu ya lile pipa. Wakati wa kipwa kila mlimaji anatafuta chombo cha kuwekea maji, na mapipa ya kazini yanavutia macho. Pipa lililobeba asidi au dawa za kiwandani si la bustani, hata ukilisugua mara kumi. Wala usimwagilie kwa maji yanayotoka kiwandani, ingawa yanapita karibu na ni ya bure.

Nguo za kazi zibaki kazini. Usilime nazo, wala usimpakate mtoto ungali nazo. Vaa viatu unaposhika jembe. Dawa ya wadudu usiitie katika chupa ya limonadi: mtoto mwenye kiu hajui kusoma.

Jumamosi hii, mvua ikikatika, zunguka lopango pamoja na bibi yako. Mwonyeshane mahali pa majani, mahali pa mahindi, na kipande cha kuacha. Na kama mtoto analalamika tumbo mara kwa mara, au amepauka na kuchoka bila sababu, mpeleke dispensari. Mwambie muuguzi kazi yako ni ipi, na mboga zenu mnazipanda wapi.