Maji Chini ya Sakafu: Chanzo Chake na Namna ya Kuyaondoa

Katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nyumba ya katibu ilipigwa lipu mpya mara mbili katika muda wa miaka mitatu. Kila masika yalipofika, ukungu mweusi ulirudi katika pembe za vyumba vya nyuma, mkeka ulioachwa sakafuni ukaoza upande wa chini, na magunia mawili ya mahindi yakavunda. Kamati ilipokutana iliandika katika muhtasari kwamba katibu aonywe kwa kutoitunza nyumba ya chama. Hakuna aliyeuliza maji yalitoka wapi.

Masika ya tatu aliitwa fundi mwashi, mzee wa kijijini. Huyu hakugusa ukuta. Alikwenda nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, akachimba shimo la kina cha nusu mita. Kabla ya saa moja kupita, shimo lilikuwa limejaa maji nusu. Hatua chache juu yake ulipita mfereji wa kumwagilia migomba, na ukingo wake ulikuwa umebomoka. Isitoshe, udongo ulioporomoka mwaka hata mwaka ulikuwa umerundikana nyuma ya nyumba hata ukapita kimo cha sakafu ya ndani. Kosa halikuwa la katibu wala la watu wa nyumbani kwake. Fedha ya wanachama ilikuwa imetumika mara mbili kuficha dalili, na chanzo kikaachwa mahali pake.

Mambo kama hayo hutokea katika nyumba za watumishi, maghala na nyumba za wanachama wenyewe. Kwa hiyo yafaa kila katibu aelewe jinsi maji yaendavyo chini ya sakafu, ili ajue la kufanya kwanza na la kufanya baadaye.

JINSI MAJI YANAVYOPANDA

Zege na matofali huonekana kuwa vitu vigumu visivyopenyeka, lakini ndani yake mna vitundu vidogo sana. Udongo ulio chini ukilowa, vitundu hivyo huvuta maji juu kama utambi wa kibatari uvutavyo mafuta. Maji yakifika juu ya sakafu iliyo wazi hugeuka mvuke na kupotea hewani, wala mtu hatambui. Lakini mahali palipofunikwa kwa mkeka, zulia, sanduku au gunia, mvuke hauna pa kutokea, na hapo ndipo ukungu humea.

Ukungu huhitaji joto, chakula na unyevu. Joto la kawaida la nyumba huutosha. Chakula chake ni vumbi, mbao, karatasi na nguo. Viwili hivyo havikosekani katika nyumba yoyote. Kinachoweza kuondolewa ni unyevu peke yake. Ndiyo maana rangi na lipu haviponyi ugonjwa huu: mficha maradhi, kifo humfichua.

Madhara yake si ya nyumba tu. Ukungu hurusha hewani mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo huchochea mafua na kikohozi, na humzidishia taabu mwenye pumu. Watoto ndio walalao na kucheza karibu zaidi na sakafu.

KUTAMBUA CHANZO

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, hapana budi kufanya majaribio manne, nayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, ikatwe karatasi ya nailoni yenye nusu mita kila upande, itandikwe juu ya sakafu kavu, na kingo zake zote zibandikwe kwa utepe wa kunata. Iachwe siku mbili. Matone yakionekana upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka ardhini. Umande ukionekana juu yake tu, unyevu umo katika hewa ya chumba, na huenda dawa ikawa kufungua madirisha na kuacha kuanika nguo ndani.

Pili, penye bomba la maji, jioni zifungwe koki zote na mita isomwe. Asubuhi isomwe tena kabla mtu hajatumia maji. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja. Hali kadhalika, unyevu usiobadilika masika wala kiangazi hutoka mara nyingi katika bomba au shimo la maji machafu. Ule unaozidi masika na kupungua kiangazi hutoka katika mvua na ardhi.

Tatu, nyumba izungukwe wakati mvua inanyesha. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 likinyeshewa milimita 50 za mvua hukusanya lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Pasipokuwa na gata, maji hayo yote huanguka kwenye mguu wa ukuta na kuzama karibu na msingi.

Nne, ukungu utofautishwe na chumvi. Unga mweupe utokao katika ukuta au sakafu mara nyingi ni chumvi iliyoletwa na maji yaliyopanda. Ukidondoshewa tone la maji, chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki. Vyote viwili ni ushahidi wa maji, lakini chumvi huonyesha kwamba maji yamepita ndani ya ukuta wenyewe.

KUREKEBISHA KWA UTARATIBU

Kazi ya nje hutangulia, kwa sababu ndiyo rahisi na mara nyingi hutosha. Udongo unaogusa kuta uondolewe mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Ardhi inayozunguka nyumba iinamishwe ili maji yakimbie ukuta. Mteremko wa sentimita 15 katika mita 3 wafaa. Paa liwekewe gata, na maji yake yapelekwe kwenye tangi au mtaro.

Nyumba iliyo ubavuni mwa mlima huhitaji mtaro upande wa juu, ili maji yakatwe kabla hayajafika chini ya sakafu. Mtaro huo uwe umbali wa zaidi ya mita moja kutoka ukutani, wala usichimbwe kupita kina cha msingi, maana waweza kuudhoofisha. Ujazwe kokoto, na uwe na mahali pa kumwagia maji pasipomdhuru jirani. Ukipita mfereji juu ya nyumba, ukingo wake utengenezwe kwa kupatana na wenye zamu za maji.

Baada ya hapo ni kungoja. Zege lililolowa hukauka polepole, na si jambo la ajabu kungoja kiangazi kizima. Wakati huo zulia na mikeka iondolewe, na madirisha yafunguliwe mchana.

Ikiwa baada ya kungoja jaribio la nailoni bado linaonyesha matone, basi sakafu haina tabaka la kuzuia unyevu, na itabidi ivunjwe. Udongo wa chini ushindiliwe; juu yake yapangwe mawe ya kiasi cha sentimita 15, kisha mchanga mwembamba ili mawe yasitoboe nailoni. Itandikwe nailoni nzito yenye unene wa robo milimita, vipande vikipandana kwa sentimita 30, na kingo zake zipandishwe ukutani. Ndipo limwagwe jamvi la zege la sentimita 10 na kumwagiliwa maji kwa siku saba. Zege hilo lisifunikwe mapema: kwa kawaida hukadiriwa mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita mbili na nusu za unene.

Nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao zina namna yake. Chini ya mbao mna nafasi, na katika msingi mna matundu ya hewa. Matundu hayo yakizibwa kwa udongo au maua, unyevu hufungiwa chini na boriti huoza. Yazibuliwe na kuwekewa wavu wa kuzuia panya.

KUSAFISHA NA KULINDA CHAKULA

Ukungu usifagiliwe ukiwa mkavu, kwani mbegu zake hutawanyika nyumba nzima. Msafishaji avae glavu na kufunika pua na mdomo kwa barakoa, alowanishe mahali hapo, asugue kwa maji ya sabuni, kisha akaushe. Akitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kamwe asiichanganye na amonia wala asidi, maana hutoa hewa ya sumu. Mikeka na magodoro yaliyooza yatupwe.

Mahindi, karanga na kahawa visiwekwe juu ya sakafu tupu, hata ikionekana kavu. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao na yasiegemee ukuta. Mahindi yasihifadhiwe kabla unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13.5. Jambo hili si la hasara ya fedha peke yake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa sumukuvu, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe na watu, wala wasipewe mifugo.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Katibu aandike katika daftari tarehe alipoona unyevu, chumba, hali ya mvua na matokeo ya majaribio. Kamati isiidhinishe fedha za lipu au rangi penye ukungu kabla chanzo hakijaelezwa kwa maandishi. Makisio ya kila mwaka yatenge fungu la gata na mitaro, kwani ni dogo kuliko gharama ya sakafu mpya.

Katika chama kilichotajwa mwanzoni, ukingo wa mfereji ulitengenezwa na mtaro ukachimbwa kwa msaragambo. Kiangazi kilipokwisha, nailoni ilitandikwa siku mbili na ikabanduliwa kavu. Ndipo lipu ya tatu ilipopigwa. Katika kikao kilichofuata kamati ililifuta onyo la katibu, na sababu yake ikaandikwa katika muhtasari uleule.