Tairi Nalo Lina Umri

Gari letu la nyumbani ni kuukuu, na sasa matairi yake yamebaki kipara. Baba hutubeba sote kutoka Kitengela kupitia Isinya hadi Kajiado, barabara ile ya Namanga yenye malori na jua kali. Jamani, si mchezo!

Mtu atakwambia eti nunua ya mitumba, meno bado mazuri. Meno peke yake hayatoshi, soma ubavuni. 175/70 R13 maana yake upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni inchi 13. Kisha tafuta herufi DOT, uangalie tarakimu nne za mwisho: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Hukauka, huingia nyufa, na kwenye lami yenye moto tairi laweza kupasuka mkiwa mwendoni.

Pesa zikitosha mapya mawili tu, yafungwe nyuma, gari lisije likatupa mkia barabara ikilowa. Wahenga walinena: rahisi inavunja upishi. Hapa itavunja watu.